Wapenzi wangu wote walishakufa zamani!

"Hivi we dada, wa leo wamekukosea nini?"

Swali hilo nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa saluni nikiwa na dawa kichwani, nimeulizwa kwenye harusi ya watu nimeshika sahani ya pilau. Watu wanajua naandika hadithi za mapenzi, na hilo halina tatizo, mapenzi nani asiyeyataka? Kinachowashangaza ni kwamba ndani ya hadithi zangu hakuna simu, hakuna gesti, hakuna gari lenye vioo vyeusi. Kuna majahazi. Kuna vibatari. Kuna mwanamume aliyeaga kwenda Manyema na msafara wa pembe na kurudi baada ya miaka mitatu, kama atarudi.

Basi leo, mpenzi msomaji, vuta kiti nikujibu. Na kama uko kwenye daladala umesimama, shika bomba vizuri, maana nina maneno mengi.

Kwanza nikupe siri ya kazi. Mapenzi yasiyo na kizuizi hayaandikiki. Kijana kampenda binti, binti kampenda kijana, wazee wamekubali, mahari imelipwa, wameoana wanakula chapati. Mungu awabariki, lakini hiyo si hadithi, hiyo ni kadi ya mchango! Msomaji anataka kitu kisimame katikati ya wapenzi wawili, na kiwe kizito kiasi kwamba asiweze kulala mpaka ajue wamekivuka vipi.

Sasa vizuizi vya siku hizi simu imevitafuna karibu vyote. Mpenzi amechelewa? Unampigia. Hapokei? Unaingia WhatsApp kuangalia mara ya mwisho alikuwa hewani saa ngapi. Ndiyo maana ukisoma hadithi nyingi za kisasa utaona mwandishi anahangaika weee mpaka aiue simu: imeibiwa Kariakoo, imeisha chaji, imetumbukia chooni. Mwenzangu, ukishaanza kutumbukiza simu chooni ili mapenzi yaendelee, ujue umeishiwa.

Njoo kwangu sasa, Unguja ya miaka ya 1850. Kama mwezi Desemba kaskazi inaanza kuvuma, inaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yamejaa tende, papa mkavu, mazulia na mabaharia. Ikifika Aprili upepo unageuka, kusi inashika, na majahazi yanatweka tanga kurudi kwao na boriti za mikoko, karafuu na pembe za ndovu. Hakuna nahodha anayebishana na upepo. Kwa hiyo baharia aliyempenda binti wa Malindi mwezi wa Januari anajua, na binti mwenyewe anajua, kwamba wana miezi mitatu. Akiondoka, hata akiwa mwaminifu kama Nabii Ayubu alivyokuwa mvumilivu, hawezi kurudi mpaka kaskazi nyingine. Na barua? Barua ilipanda jahazi lile lile. Waya wa chini ya bahari wa kupeleka habari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Kabla ya hapo habari ya mapenzi, ya kifo na ya deni zilikwenda kwa kasi moja, kasi ya tanga.

Unaona? Saa ya kuhesabu siku za wapenzi sikuitunga mimi. Nimeikuta inavuma.

Hiyo ndiyo sababu nyepesi, ninayoitoa kwenye daladala. Ile nzito huwa siitoi, kwa sababu kituo kinafika kabla sijamaliza.

Historia niliyosomeshwa shule haikuwa na mtu anayempenda mtu. 1840 Sayyid Said kahamishia makao Unguja. 1873 soko la watumwa limefungwa. 1884 Berlin. 1890 Waingereza na Wajerumani wamebadilishana visiwa kama watoto wanaobadilishana gololi. Tuliziimba tarehe hizo kama jedwali la mara saba, tukafaulu, tukasahau. Hakuna aliyetuambia hao waliouzwa, waliosafirishwa na waliohamishwa walikuwa na mioyo inayodunda, na kwamba usiku ule ule mkataba ulipotiwa saini kulikuwa na msichana fulani dirishani anamngoja mtu. Wanawake ndiyo kabisa, walikuwa kama hawajazaliwa bado.

BINTI WA MFALME NA MJERUMANI WA JIRANI

Nilipokuja kukutana na habari za Sayyida Salme nilikasirika. Nilisema, kumbe kitu kama hiki kipo, kimetokea hapa hapa pua na mdomo na Dar es Salaam, na mimi nimemaliza shule sikijui!

Kwa wale wasiomjua, Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake ni huyo huyo Sayyid Said wa kwenye tarehe zetu. Mama yake, Djilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia, huko milima ya Kaukasi. Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Salme akajifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mfupa wa ngamia, shoga! Wewe una daftari la kurasa mia na bado unalalamika.

Kujua kuandika kukamponza. Mwaka 1859 ndugu zake waligombea kiti, Barghash akataka kumpindua Majid, na Salme, msichana wa miaka 15, akawa ndiye mwandishi wa barua za upande wa Barghash. Wakashindwa. Baadaye akapatana na Majid, na hilo Barghash hakulisahau.

Kisha akahamia mjini, na nyumba ya jirani alikaa kijana wa Hamburg, mfanyabiashara, Rudolph Heinrich Ruete. Dari la nyumba yake lilikuwa chini kidogo ya dari la Salme. Ukiujua Mji Mkongwe unajua nyumba zile zilivyobanana. Jioni binti wa Sultani akisimama juu kupunga upepo, anaona chini yake Wazungu wanakula, wanacheka, wanawake na wanaume meza moja. Mengine yakafuata, na mwaka 1866 Salme akawa mjamzito.

Hapo mapenzi hayakuwa tena mambo ya kupunga upepo. Binti wa ukoo wa kifalme, Mwislamu, ana mimba ya Mkristo bila ndoa. Angeweza kuuawa. Agosti mwaka huo alipanda usiku kwenye manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer na kwenda Aden. Ruete alibaki Unguja kufunga hesabu za biashara zake. Wewe fikiria: msichana wa miaka 22, hajawahi kuishi nje ya kisiwa, anajifungua ugenini mtoto wa kiume mwezi Desemba, baba wa mtoto yuko maelfu ya kilomita, na habari inategemea meli. Alimngoja miezi ipatayo tisa. Na jamaa akaja! Wanaume mpo? Akaja. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa akaitwa Emily, siku hiyo hiyo wakafunga ndoa, wakaanza safari ya kwenda Ujerumani. Yule mtoto wao wa kwanza alifariki mwaka huo huo wa 1867.

Hadithi ya mapenzi ya kawaida ingeishia kwenye ndoa ya Aden, pete kidoleni, meli inaondoka, mwisho. Maisha hayakuishia hapo. Huko Hamburg walipata watoto watatu kwa haraka haraka, na Agosti 1870 Ruete aliruka kutoka kwenye tramu ya farasi, akaumia, akafa. Salme akabaki mjane kabla hajatimiza miaka 26, ana watoto watatu wadogo, kwenye nchi ya baridi ambayo lugha yake ndiyo kwanza anajifunza.

Aliishi mpaka mwaka 1924. Alirudi Unguja mara mbili, 1885 na 1888, kudai urithi wake. Mara ya kwanza alikuja na meli za kivita za Kijerumani zilizokuwa na ajenda zake, na Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alikataa kumwona. Alipokufa walikuta katika vitu vyake kifuko kidogo cha mchanga wa pwani ya Unguja. Wakamzika nao huko Hamburg, kando ya mumewe.

Huo mchanga mimi nikiufikiria sana sipati usingizi.

Lakini sikia kitu kinachonihusu mimi kama mwandishi. Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ni kitabu kikubwa. Anaeleza vyakula, harusi, sikukuu, ugonjwa, mavazi, jinsi watoto walivyofundishwa. Ukifika kwenye mapenzi yake na Ruete, yale mambo ambayo dunia nzima ilikuwa inataka kuyajua, anapita mbio. Kurasa chache tu, amefunga mlango! Sijui kama ni heshima, hofu au maumivu. Ila nilipoona mlango ule umefungwa nikajua kazi yangu iko wapi. Kuna maelfu ya milango ya namna hiyo kwenye pwani yetu, na nyuma ya mingi hakukuwa na mtu aliyejua kuandika hata kwenye mfupa.

Salme mwenyewe simwandiki. Watu wameniomba, nimekataa. Yeye ameshaandika cha kwake, na msomaji wa riwaya ya mapenzi ananidai mwisho wa heri, na mwisho wa heri wa Salme ungekuwa uongo mtupu. Mimi nawaandika wale wa vyumba vya jirani, ambao majina yao hayamo kwenye kitabu cha mtu yeyote.

"MFANYE AMZIMIE BOSI WAKE"

Sasa nikupe kisa cha pesa, maana najua kurasa hizi mnapenda visa vya pesa.

Mtayarishaji mmoja wa filamu, jina tuliache, aliniita. Alikuwa amesoma hadithi yangu ya mfululizo kuhusu msichana aliyeletwa Unguja kutoka bara akauzwa kama suria. Akaipenda. Soda ikaja, sambusa zikaja, akafungua mdomo.

"Dada, stori kali. Ila kuna kitu kidogo turekebishe. Huyu demu usimpe fundi seremala. Mfanye amzimie bosi wake, yule Mwarabu. Watu wanataka kasri, dhahabu, farasi. Mwanzoni anamchukia, mwishoni anampenda."

"Amemnunua," nikamwambia.

"Ndiyo, lakini ni handsome."

Nikamwuliza, kaka, wewe ukiamka kesho umeuzwa, aliyekununua akawa mtanashati, utamzimia? Akacheka. Mimi sikucheka. Akataja kiasi cha pesa, na sitakificha: kilikuwa kinatosha kodi yangu ya nyumba ya mwaka mzima na chenji inabaki. Nikamaliza sambusa yangu, kwa sababu sambusa haina kosa, nikaondoka.

Wenzangu waliniita mjinga. Acha niwaeleze ule ujinga.

Turudi kwa mama yake Salme. Binti yake ameandika kwamba Djilfidan alinyakuliwa na wavamizi akiwa mtoto, wazazi wake wakauawa, na alipofika katika nyumba ya Sayyid Said alikuwa mdogo kiasi kwamba jino lake la kwanza la utoto lilimng'oka humo humo ndani. Soma tena sentensi hiyo. Mtoto wa miaka saba au nane hivi! Alikuja kukua, akawa suria, akamzalia bwana wake mtoto, na pengine aliheshimiwa na hata akamzoea. Salme anamweleza baba yake kwa mapenzi makubwa. Lakini mtu ambaye hakuwahi kuwa na nafasi ya kusema hapana, ndiyo yake mimi nitaiandikaje kama mapenzi?

Na usifikiri ni mambo ya kale sana. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali mpaka 1897. Na hata amri ya 1897 ilipotoka, masuria waliachwa nyuma. Sheria iliwatia kwenye fungu la wake za nyumbani. Mtumwa wa shamba aliweza kwenda mahakamani kuomba uhuru wake, suria akitaka kutoka ilibidi aonyeshe kwamba anatendewa ukatili. Wakangoja mpaka mwaka 1909. Miaka kumi na miwili zaidi! Mwanamke mwenye miaka 20 mwaka 1897 alifika 32 ndipo sheria ikamkumbuka.

Katika ukoo wetu yumo mmoja wao. Bibi yangu wa Tanga alimtaja mara moja tu, akanyamaza, na tulipomwuliza zaidi akasema, "Wajukuu zangu, mengine yafunikeni." Tunalijua jina lake moja, na hata hilo ni la kupewa, la aina ya Faida na Mabruki, majina waliyokuwa wakibandikwa watu walionunuliwa. La kwao, alilopewa na mama yake, hakuna anayelijua. Nikikaa kuandika ndiye ninayemwona mbele yangu. Nampa fundi seremala anayemtazama kama binadamu. Nampa nafasi ya kukataa. Wakati mwingine anamkataa hata huyo seremala, na mimi mwandishi nabaki nimeshika kalamu namtazama tu.

Kwa hiyo yule mtayarishaji alipotaka nimrudishe kwa mnunuzi wake kwa hiari, tena anatabasamu, asingenilipa kodi ya mwaka mmoja kwa hilo. Asingenilipa kwa kodi ya mtaa mzima.

Wala mambo haya si ya kwetu peke yetu. Vijana wengi mliangalia Bridgerton ilipotoka mwaka 2020, mkalilia lile gauni na yule bwana mkubwa. Tamthilia ile imetoka kwenye riwaya za mama mmoja wa Marekani, Julia Quinn, na mizizi yake inarudi nyuma kwa Georgette Heyer wa Uingereza, aliyetoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1921. Mabibi hawa ni mafundi, nawavulia kilemba. Ila mimi nikisoma habari za mabwana wale wenye majumba ya vyumba mia, kuna swali linaniwasha: hela inatoka wapi? Mengi ya majumba ya namna ile, tukiacha hadithi tukaja kwenye ukweli, yalilishwa na sukari ya visiwani iliyolimwa na watumwa. Na makasri yetu je? Karafuu. Nani alizichuma?

Aliyenifungua macho zaidi ni Mmarekani mweusi, Beverly Jenkins. Mwaka 1994 alitoa riwaya iitwayo Night Song, ya mwalimu wa kike mweusi na mwanajeshi mweusi kule Kansas, karne ya 19. Miaka miwili baadaye akatoa Indigo, ya mwanamke anayewaficha watumwa wanaotoroka kwenda kaskazini. Utumwa upo mle ndani, haufichwi, lakini watu wake wanapendana, wanataniana, wanashonewa nguo nzuri, na mwisho wanapata raha yao. Nilipomsoma nikasema, kumbe inawezekana! Huhitaji kuchagua kati ya kusema ukweli na kuwapa watu wako furaha.

Na hapa nyumbani tunaye Adam Shafi. Vuta n'Kuvute yake ilitoka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa filamu. Walimu wanaifundisha kama riwaya ya ukombozi, sawa, siwapingi. Lakini Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anatoroka, anakutana na Denge anayesakwa na serikali ya kikoloni, Unguja ya miaka ya 1950... Jamani, hiyo ni nini kama si riwaya ya mapenzi ya kihistoria? Mnaogopa nini kuiita hivyo?

KANGA ILIKUWA HAIJAFIKA

Watu wanadhani kuandika zamani ni rahisi, unachomeka "hapo kale" unaendelea. Thubutu! Msomaji wa pwani ni mkali kuliko mkaguzi wa shule. Hapo nyuma nilisoma hadithi ya mwenzetu mmoja, shujaa wake wa kike mwaka 1850 anamtumia mpenzi ujumbe kwa jina la kanga. Nikafunga kitabu. Kanga zimekuja mwishoni mwa karne ya 19, na maneno juu yake baadaye zaidi. Mwaka 1850 huyo dada angevaa kaniki au merikani, kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem kule Marekani, ambao walikuwa na konseli wao Unguja tangu 1837. Na mahari yake isingetajwa kwa shilingi, ingekuwa riale, zile sarafu za fedha zenye kichwa cha malkia wa Austria, Maria Theresa.

Kwa mambo ya udi, marashi na namna mke alivyojipamba, nasoma utendi wa Mwana Kupona, alioutunga mwaka 1858 kumuusia bintiye. Sikubaliani na kila alichomwusia binti wa watu, lakini manukato yote yamo! Kwa mambo ya mjini nakwenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, nakaa na majalada mpaka macho yanauma. Kwa habari za maskini mwenye sauti namtazama Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kwa miguu, akaja kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Nyimbo zake zilikuwa magazeti ya waliokosa magazeti.

Mengine nayapata kwa wazee. Bi mkubwa mmoja wa Ng'ambo alinikalisha kwenye mkeka mchana kutwa akinieleza jinsi shangazi zake walivyokuwa wakipelekewa barua ndani ya kikapu cha maandazi. "Na wewe bibi, ulipelekewa?" nikamchokoza. Akavuta mtandio, akanitazama. "Mwanangu, mimi maandazi nilikula, barua nikachana. Sikumtaka." Nimemtia kwenye hadithi na maandazi yake.

Kuna sababu nyingine, na hii nilipewa na wasomaji wenyewe. Ukiandika ya leo, baba anayemwuza binti yake kwa tajiri mwenye duka, mtaa mzima utauliza, unamsema nani? Utagombana na majirani, na binti mwenyewe hatasoma kwa sababu kitabu kitafichwa. Andika mambo hayo hayo, weka mwaka 1890, mvalishe baba kilemba na duka ligeuze shamba la karafuu. Kila mtu atasoma, baba atasoma kwa sauti sebuleni, atasema loh, watu wa zamani walikuwa wakatili!

Hadithi yangu moja ya namna hiyo ilikuwa inatoka vipande vipande. Usiku mmoja nikapata ujumbe kutoka kwa msichana nisiyemjua, wa mji ambao sitautaja. Hakuwa na salamu. Aliandika: "Dada, huo mwaka 1890 wako kwetu ni Jumamosi ijayo. Naomba uniambie, yule binti anatoka vipi?"

Kipande cha mwisho nilikuwa bado sijakiandika. Nilimpigia simu badala yake, tukaongea karibu saa mbili, tukamtafuta mjomba mmoja aliyekuwa tayari kusimama upande wake. Jumamosi ikapita bila ndoa. Kipande changu kilichelewa wiki mbili, wasomaji wakanitukana sana, na yeye sikuwaambia habari zake mpaka leo aliponiruhusu.

Kwa hiyo ukiniuliza wa leo wamenikosea nini, hawajanikosea. Nawaandikia wao.

Saa hizi nina riwaya mezani, ya Pemba mwaka 1898. Ana miaka 21. Amesikia kwamba kuna amri, kwamba watumwa wanakwenda mahakamani wanarudi na karatasi. Naye amekwenda, karani kamtazama juu chini akamwambia wewe hapana, wewe ni suria. Seremala wake anatengeneza jahazi pale Wete, na nahodha ameshampa nafasi ya watu wawili. Kaskazi inakufa. Akipanda ni mtoro, akikamatwa sijui watamfanya nini. Asipopanda, mimi na wewe tunajua ni mpaka 1909.

Nimemwacha ufukweni tangu Jumanne, ameshika kikapu. Mama mwenye nyumba wangu, ambaye anasoma kurasa zangu kabla ya mtu yeyote na halipwi, amenigongea mlango mara mbili kuuliza amepanda au hajapanda. Nimemwambia asubiri, maji hayajajaa.